Chupa Namba Kumi na Mbili

Mtaani kwetu wakitaka kumtaja msomi hunitaja mimi, ingawa shule niliiachia darasa la saba, na hilo la saba nililirudia ili nilielewe vizuri. Lakini leo zamu si yangu. Ni ya mdogo wangu wa kike, tunayemwita Kioo.

Kazi yake ni kuosha chupa za maabara. Mwaka wa kumi na tisa huu. Chumba chake kina masinki mawili, brashi za shingo ndefu zilizopangwa kwa ukubwa, na ubao wa vigingi ukutani ambako chupa hukauka kichwa chini. Kila chupa kaipaka namba kwa rangi, na anazijua kama mfugaji anavyojua kuku wake. Namba nane ina kovu la moto. Namba kumi na mbili imemeguka mdomo, hutumika nyingine zikipungua tu, na kila mwaka anakataa kuitupa. Hiyo haioshi kwa sabuni, maana mkono ukiteleza, kidole hana. Huimwagia maji yanayochemka mara tatu, basi.

Mkubwa wake ni Daktari, mwanamke kijana ambaye hajawahi kumchoma mtu sindano. Kazi yake ni bakteria. Nisikilizeni hapa, maana wengi hupotea. Daktari alitaka bakteria wa kutuambia kama maji yana madini ya risasi, yale ya kwenye betri kuukuu za magari. Akawapa maagizo mapya, watengeneze protini inayong'aa kijani ikigusana na risasi. Mwanzoni protini ilikaa ndani ya mwili wa bakteria, na risasi ikawa inachelewa kuifikia. Ndipo akaihamishia nje, ikae juu ya ngozi yao. Ni kama kengele: ukiiweka chumbani, mgeni atabisha hodi mpaka aende zake. Mfano huo nilimpa Kioo, Kioo akampa Daktari, Daktari akausema mbele ya wakubwa. Sikudai kitu.

Basi protini ikatoka nje, na bakteria wakazima. Wiki tatu, giza tupu. Na Alhamisi watu wa idara ya maji walikuwa wanakuja kutazama. Wakikuta giza, kazi nzima inafungwa, na chumba cha masinki mawili pamoja nayo.

Sasa niseme langu. Mimi natengeneza sabuni uani kwangu. Sabuni yangu ikigusa sufuria, sufuria inasahau ilichopikiwa. Wiki hizo hizo sabuni ya maabara ilikuwa imekwisha na mzigo mpya umekwama njiani. Kioo hapendi kazi ilale, akachukua dumu langu, ingawa pale ni mwiko kuingiza kitu cha nyumbani. Chupa ziling'aa hadi Daktari mwenyewe akasifu. Nami, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, dumu la pili nikazidisha magadi.

Jumatatu asubuhi Kioo alipita na kitoroli chake kukusanya vyombo vichafu. Chupa ishirini zenye bakteria na maji ya risasi zilikuwa zimepangwa chini ya taa ya buluu, na moja tu ilikuwa na kijani, hafifu kama macho ya paka. Wasaidizi walisema ni bahati. Daktari alikuwa ameinamia daftari, akitafuta kosa kwenye bakteria wake. Hakuna aliyetazama namba ya rangi ubavuni. Kioo aliitazama. Ilikuwa kumi na mbili.

Jioni alikuja kwangu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza yote. Ngozi ya nje ya bakteria ina mafuta, na sabuni na mafuta hazikai nyumba moja. Ulipokuwa ndani, mng'ao ulijificha. Sasa upo nje, na masalio ya sabuni yanaubandua.

Nilimpa ushauri wa kaka mkubwa. Nilimwambia aoshe zote upya kimyakimya, Daktari adhani bakteria wamepata akili, kwani chupa haina mdomo wa kusema.

"Ina mdomo, kaka," akasema. "Ndio ninaousugua kila siku. Na Daktari, yule mtoto, halali usiku. Anadhani kakosea yeye."

Jumanne, kabla wasaidizi hawajafika, alisimama mbele ya meza ya Daktari na aproni yake mkononi, tayari imekunjwa.

"Daktari, bakteria wako hawana kosa. Sabuni niliyooshea si ya hapa, nilitoka nayo nyumbani."

Daktari aliuliza nani alimpa. Kioo akajibu kwamba mikono iliyoosha ni yake. Kisha Daktari akauliza, polepole, "Na kumi na mbili?"

"Hiyo haijawahi kuguswa na sabuni."

Kioo anasema msichana yule alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Alipovitoa alikuwa analia na kucheka. "Mama, vaa aproni," akamwambia. "Maji ya moto. Zote."

Walizisuuza wawili, bega kwa bega, mara saba kila chupa. Alhamisi watu wa idara ya maji waliona kijani kuanzia mwanzo wa meza hadi mwisho, na kazi ikaendelea. Barua ya onyo Kioo alipewa, kwa kuwa mwiko ni mwiko. Anaitunza pamoja na ile ya kumwajiri. Kumi na mbili ina kigingi chake peke yake.

Baadaye, siku maabara ilipofunguliwa kwa wageni, alinipeleka. Nilipoziona zile chupa zinawaka, maneno yalinikauka, na mnajua maneno na mimi tulivyo. Daktari alinishika mkono, akasema bila mdogo wangu, yeye angeacha kazi ile akiamini hajui kitu. Kioo akanitambulisha, "Kaka yangu," akaishia hapo. La sabuni hakuligusa, wala mpaka leo hajawahi kunisimanga nalo.

Mlangoni kulikuwa na kitabu cha wageni. Penye jina niliandika langu. Penye kazi, mahali ambapo siku zote hujaza mstari mzima na kuvuka, niliandika: kaka wa mwosha chupa.