Habari za Majani ya Mbali

Baba yangu hakujua kusoma wala kuandika, lakini kwa kusema kweli hakuwa na mpinzani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Sisi wafugaji wa ngamia, kabla ya kuhama, humtuma mtu mmoja atangulie kwa miguu siku nne, tano, akaitazame nchi: mvua imefika wapi, majani yana urefu gani, kisima ni cha nani, kuna kupe, kuna adui. Mtu huyo tunamwita sahan. Akirudi huketishwa, hupewa maziwa, na hakuna anayemkatiza mpaka amalize. Sahan akidanganya, watoto hufa. Ndiyo maana sahan mwongo haozwi mke, na mimi katika maisha yangu sijakutana na mtoto wa sahan mwongo.

Kiangazi kimoja aabo, ndivyo tunavyomwita baba, alitoka Modogashe akaenda mpaka karibu na Diff, akarudi nyayo zimepasuka. Watu wote walikuwa wakitamani kuambiwa kwamba kule kuna majani. Akasema, "Hakuna kitu." Wakamnunia. Mjomba wangu hakuamini, akahama na wanyama wake, akarudi na fimbo yake tu.

Nilikwenda naye safari tatu za namna hiyo nikiwa mdogo. Alinifundisha kupima majani kwa mkono: yakifika vidole vinne, ngoja, yakifika kiganja kizima, kawaite watu. Nilikuwa bado na tabia hiyo mwaka wa sitini na tano, nilipopata nafasi ya kusomea ualimu Karachi. Wenzangu walidhani nimepoteza kitu kwenye bustani ya chuo.

Nyumbani kulikuwa na vita. Wako waliotaka nchi yetu iungane na Somalia, serikali haikutaka, na wenye ngamia walikuwa katikati. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, Waswahili husema. Siku zile hata nyasi zenyewe zilikuwa haba. Mimi nilikuwa mbali, nalala kitandani, nakula wali mara mbili kwa siku. Habari nilizipata kwa barua. Lugha yetu wakati ule haikuwa na maandishi ya kutumiwa na watu wa kawaida, kwa hiyo baba alikwenda Garissa mjini kwa karani mmoja, Mkristo wa kutoka bara, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri. Baba alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, karani akaandika kwa Kiswahili cha shule.

Mwaka uliofuata, karibu na likizo ndefu, barua ikaja: "Mama yako anakohoa. Halali. Hawezi kukama mbuzi."

Hooyo, yaani mama, hakuwa mtu wa kuugua. Alinizaa asubuhi, jioni akapakia ngamia. Akiwa hawezi kukama mbuzi, basi hali ni mbaya. Nilikuwa na akiba iliyotosha nauli ya meli mpaka Mombasa, nikaandika nikauliza: nije? Nilijiambia kwamba akisema njoo, nitakwenda, na akinyamaza, nitakwenda vilevile. Nikakaa kungoja. Jibu lilifika siku sita kabla ya meli kuondoka.

"Usije," baba aliniandikia. "Mama yako amepona, anakunywa maziwa. Mvua imenyesha. Ngamia wote wamenenepa. Kama una likizo, tembea, uone nchi za watu."

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi tangu hapo. Mfugaji gani husema ngamia wake wote wamenenepa? Ukimuuliza mfugaji habari za ngamia wake atakwambia wapo wapo tu, hata kama wamenona mpaka hawawezi kuamka. Huogopa jicho la watu. Nilipaswa kushtuka. Sikushtuka kwa sababu sikutaka. Pale Karachi alikuwa akipita kijana mmoja wa Australia, mwenye ndevu na shanta la turubai lenye viraka, aliyekuja kwa barabara kutoka Ulaya. Alikuwa amenieleza habari za milima ya kaskazini, na moyo wangu ulikuwa umeshakwenda. Tena barua ilikuwa ya baba, na baba hakusema uongo. Nikachukua nauli ya meli nikanunua shanta na viatu.

Tulipanda treni ya daraja la tatu, siku moja na nusu, vumbi mpaka ndani ya meno. Kisha basi, kisha basi jingine bovu zaidi, na barabara ilipokwisha katika bonde la Kaghan tukaanza kutembea. Siku ya kwanza mabega yalichubuka. Kwetu mzigo ni wa ngamia. Mwanamume akionekana amebeba nyumba yake mgongoni, watu wataulizana amepatwa na nini. Mwaustralia alinicheka, nami nikamcheka kwa sababu alikuwa akitembea kichwa chini, anahesabu hatua, na nchi yote inampita.

Njiani tulikuta wafugaji wakipandisha nyati wa kufugwa na mbuzi kwenda malisho ya juu, wanawake, watoto, kuku ndani ya matenga, kila kitu. Tulitembea nao siku tisa. Sikuwa na lugha yao zaidi ya maneno machache ya Kiurdu, lakini kazi yao niliijua. Jioni moja mzee wao aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kenya. Hakujua Kenya iko wapi, na hakujali. Akauliza, "Huko kwenu kuna majani?"

Nikamwambia yapo, mvua imenyesha. Nilisema hivyo kwa sababu baba alikuwa amesema.

Huko juu majani yalifika magotini. Niliweka kiganja, kikapotea. Maji yalikuwa kila mahali, baridi ya kuumiza meno, na hakuna mtu anayelinda kisima. Kwenye njia ya kuvukia mlima tulikanyaga theluji, nikaiokota, nikaila, nikaiweka kifuani ndani ya shati kama mpumbavu. Nilifurahi. Naliandika hilo wazi kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu: siku zile ndizo nilizofurahi kuliko zote maishani mwangu, na sikumkumbuka mama hata mara moja kutwa nzima.

Tulishukia mijini. Peshawar tulilala kwenye nyumba ya wasafiri karibu na msikiti, Rawalpindi kwenye benchi za stesheni. Lahore ilinichosha na kunipendeza kwa pamoja: magari ya farasi, wauza maziwa ya mgando, mafundi wa shaba wakigonga toka alfajiri, watu wengi katika mtaa mmoja kuliko wote niliowaona Garissa tangu kuzaliwa. Pale posta nilikuta barua ya baba, niliyokuwa nimeomba chuo kinitumie huko. Mama anakusalimu, ilisema, na mbuzi wamezaa mapacha. Mwaustralia akaendelea kwenda India. Mimi nikarudi chuoni.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilifika Lahore.

Mwaka mmoja baadaye likizo ilipofika, nilikwenda nyumbani bila kuuliza. Nadhani nilikuwa nimeanza kujua. Barua zote zilikuwa nzuri, hakuna aliyekufa, hakuna mnyama aliyepotea, na hakuna nyumba duniani yenye habari za namna hiyo. Mombasa nilipanda basi mpaka Nairobi, Nairobi nikangoja siku nne msafara wa malori yenye ulinzi wa askari. Huko Asia nilikuwa nimetembea majuma na majuma na shanta langu, watu wakinipa chai. Kwenye daraja la Tana askari walilimwaga lote chini, soksi moja moja.

Kibali cha kuingia mjini kiliandikwa na karani mmoja wa makamo. Nilipotaja jina la baba, kalamu ilisimama. Kisha akaandika jina langu, nami nikautambua mwandiko.

"Wewe ndiye unayesoma Karachi," alisema.

"Ndiye mimi."

"Ulizipata barua zote?"

"Nilizipata. Asante sana, mwalimu." Hakuwa mwalimu, lakini ndivyo tulivyowaita watu wote wa kalamu.

Akanipa kibali bila kunitazama. "Karibu nyumbani," akasema. "Mzee wako yuko kijijini."

Kijiji kilikuwa vibanda vya miti na ngozi ndani ya seng'enge, pembeni ya mji. Watu wa malisho walikuwa wamekusanywa huko tangu mwaka uliopita, watoke kwa saa na kwa kibali. Hapakuwa na ngamia hata mmoja. Baba alikuwa amekaa nje ya kibanda pamoja na wazee watano, sita. Alikuwa amekonda, na alisimama kwa kujishika magoti. Tulisalimiana. Nikatazama ndani ya kibanda, nikaona mkeka mmoja.

"Hooyo yuko wapi?" niliuliza.

"Keti," alisema. "Warran." Maana yake: toa habari.

Ndiyo ada. Anayefika ndiye anayeanza kusema, na aliyekaa husikiliza mpaka mwisho, kisha ndiyo zamu yake. Mtu akitoka mbali haulizi, anaulizwa. Nililetewa chai ya rangi nikaanza.

Nikawaeleza meli na treni. Nikawaeleza bonde, wafugaji, nyati wao. Wazee walisogea. Walitaka kujua majani ni ya aina gani, yana utomvu au makavu, mbuzi wanayapenda au wanayakanyaga tu, maji yanatoka umbali gani. Watu wasiomiliki hata mbuzi mmoja, wamefungiwa ndani ya seng'enge, na walikuwa wakiuliza kama wanaohama kesho. Nilipowaambia yanafika magotini, mmoja alisema subhanallah. Baba aliuliza kama niliyapima mwenyewe. Nikasema niliyapima. Akatikisa kichwa akiwaangalia wenzake, na nikaona kwamba anaona fahari.

Habari zangu zilipofika Lahore nilianza kuzirefusha. Nilikuwa nimeshajua. Mtu akiliacha swali namna ile, na mkeka ukiwa mmoja, huhitaji kuambiwa. Lakini nilijua pia kwamba nikimaliza zamu yangu, itaanza ya baba. Kwa hiyo niliwaeleza mafundi wa shaba, nikawaeleza bei ya maziwa ya mgando, rangi ya magari ya farasi, idadi ya milango ya mji wa kale. Nilieleza mitaa ambayo sikuipita. Baba hakunikatiza. Jua lilihama kutoka kwenye miguu yetu likafika kwenye kibanda cha jirani. Mwishowe nikakosa la kusema.

"Mwisho wa habari?" aliuliza.

"Mwisho."

"Mama yako alikufa wiki ya pili baada ya kuletwa hapa," alisema. "Kifua. Maziwa hayakuwapo, ngamia walikuwa wamechukuliwa, na waliobaki walikufa ndani ya uzio. Nilimzika Alhamisi. Barua yako ya kuuliza uje, niliipata Ijumaa. Jumamosi nikaenda kwa karani."

Wazee wakasema inna lillahi, wakainuka mmoja mmoja wakatuacha. Nilipiga hesabu ya majuma. Siku niliyoweka theluji kifuani alikuwa na zaidi ya mwezi kaburini. Nilingoja kitu kinifike, kilio au hasira, hakikufika. Nikauliza kama kuna sukari. Hakukuwa na sukari.

"Ulinidanganya, aabo," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Nilikudanganya. Karani alikataa kuandika, nikakaa mlangoni pake mpaka akaandika." Alikuwa anatazama mikono yake. "Sahan huambia watu kweli ili wahame. Wewe ungehamia wapi? Ungekuja hapa. Vijana wa rika lako waliokuwa hapa, wako waliokamatwa, wako walioingia msituni, wengine sijui walipo. Mama yako alikuwa ameshakufa. Nilikuwa na mtu mmoja aliye mahali penye majani, nikamwambia akae huko."

Nilitaka kumwambia kwamba ningependa kumzika mama yangu. Nilitaka kumwambia pia kwamba nilifurahi kule, na furaha hiyo sasa sijui niiweke wapi. Nilikaa naye siku kumi na moja. Tulikwenda kaburini mara mbili kwa kibali. Nilimnyoa ndevu. Sikulia hata siku moja, nikaona aibu kwa hilo, kisha hata aibu nikaizoea.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye seng'enge, mahali askari walipomruhusu.

"Nitaandika," alisema.

"Sitaziamini tena barua zako, aabo."

"Usiziamini," alisema. "Nitasema sote wazima, kwa sababu si karani peke yake anayezisoma, na kwa sababu sina jingine la kukupa. Yaliyomo usiyajali. Barua ikija, jua nipo."

Nikarudi Karachi kumaliza mwaka wangu wa mwisho. Nilipata barua mbili, kisha hazikuja tena.