Mwasho wa Kashata

Wiki iliyopita nilikwenda Fisksätra, mtaa niliokulia huku Uswidi, kumsaidia mama kufungasha. Anahama. Nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, na magoti yake hayapatani tena na ngazi. Nilikuwa nimechuchumaa jikoni natoa vitu chini ya sinki, mkono ukagusa beseni la plastiki la bluu. Nikalivuta. Ndani mlikuwa na vumbi na kipande cha sabuni kilichokauka mpaka kikapasuka, basi. Lakini, rafiki yangu, hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Katika beseni hilo ndimo tulimokuwa tukimwogesha Kashata.

Kashata alikuwa mnyama wa kufugwa ambaye Waswidi humwita iller, binamu yake kicheche: mrefu, mwembamba, miguu mifupi, na usoni alama nyeusi kama aliyejipaka masizi kwa makusudi. Baba alimleta kutoka kazini. Mwenzake wa ghalani kule Jordbro alikuwa anahama na hakuwa na mahali pa kumweka. Rangi yake ilikuwa ya sukari iliyoungua, ndiyo maana nikampa jina hilo. Aliiba soksi na kuzificha nyuma ya kochi. Alilala ndani ya mkono wa koti la baba. Akifurahi aliruka upandeupande huku akitoa sauti ya mtu anayecheka na mdomo umefumbwa. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, na shuleni sikuwa na rafiki wa maana. Nikirudi, yeye alikuwa ameshajua hatua zangu, anangoja mlangoni.

Majira ya baridi, nyumba yetu ilinukia iliki na nguo zilizopigwa pasi. Mabomba ya joto chini ya madirisha yalichemka mchana kutwa, midomo ikakauka, na kila asubuhi mama alinikamata kabla sijatoka akanipaka mafuta toka kipaji mpaka vidole vya miguu. Alikuwa na usemi wake: ukitoka umepauka, watu watasema huna mama. Watu watasema. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoiendesha nyumba yetu, na kuna mtu aliyelijua hilo vizuri sana.

Mtu huyo ni jirani wa ghorofa ya juu. Nilifundishwa kumwita shangazi, ingawa hatukuwa na udugu naye wowote. Alikuwa anapiga hodi akiwa tayari ameshaingia. Siku moja aliketi, akapokea kikombe cha chai, akavuta pumzi puani mara mbili, kisha akasema kwa sauti ya huruma, “Mwenzangu, usinielewe vibaya. Kicheche ni kicheche tu. Nyumba yako siku hizi ina harufu.”

Ungemwona mama. Angeambiwa ana deni, angecheka. Kuambiwa nyumba yake inanuka! Jirani alipotoka tu, beseni la bluu likashushwa, na kuanzia siku ile Kashata akawa anaogeshwa kila siku nikitoka shule, kwa sabuni ileile ya kuogea sisi, anasuguliwa mpaka povu linaingia masikioni. Alipiga kelele, akanikwaruza mikono. Nilimshika kwa nguvu, maana niliamriwa.

Haikupita muda akaanza kujikuna. Kwanza shingoni, halafu ubavuni, halafu mwili mzima. Aliacha kucheza katikati ya mchezo ili ajikune. Mba ulidondoka juu ya koti la baba, manyoya yakanyonyoka mgongoni, ngozi ikawa nyekundu. Na ajabu, harufu ikazidi. Mama naye akazidisha sabuni.

Jirani akaja tena, akatazama, akatamka neno moja: upele.

Baba ndiye aliyesema imetosha, tumpeleke kwa daktari wa wanyama. Mimi nikawa mkalimani, kwa sababu Kiswidi cha mama kilikuwa cha dukani tu. Daktari alimchana Kashata kutafuta viroboto, hakuona. Akatazama masikioni kama kuna utitiri, hakuna. Akakwangua ngozi kidogo akaipima kwenye darubini, hakuna kitu. Kisha akauliza tunamwogesha mara ngapi. Mama hakungoja nitafsiri, swali hilo alilielewa. “Varje dag,” akasema, kifua mbele. Kila siku.

Daktari aliweka kalamu chini. Akaeleza, nami nikageuza kwa Kiswahili sentensi moja baada ya nyingine, kwamba mnyama huyu ana mafuta yake ya ngozi, sisi tumeyaosha yote, ndiyo maana anawashwa. Na mwili wake unakimbilia kutengeneza mafuta mengine, ndiyo maana ananuka zaidi. Tuache sabuni. Tufue matandiko yake badala ya kumfua yeye. Tuweke bakuli la maji karibu na bomba la joto ili hewa isikauke, na tumtilie matone ya mafuta ya samaki kwenye chakula. Mama akauliza, kwa kupitia mimi, kama anaweza kumpaka mafuta yangu ya asubuhi. Hapana, atayalamba yote. Tulirudi kwa treni, Kashata amelala ndani ya koti, na mama akimpapasa kichwa kwa kidole kimoja. Hakuwahi kumgusa hivyo kabla.

Akapona, rafiki yangu. Manyoya yakarudi laini, yanang’aa. Hata mba ukaisha. Akaanza tena kuruka upandeupande.

Ikaja sherehe ya Krismasi, ukumbini, Watanzania na Waganda na Wakenya na Wakongo, kila nyumba na chakula chake. Mama alikaanga sambusa siku nzima. Nakumbuka mlio wa mafuta na vidole vyangu vilivyonata unga. Jirani alisimama karibu na meza, si kwa kunong’ona, akawaambia wenzake kwamba wanawe hawalali kwa kujikuna, na kwamba upele huo umetoka chini, kwenye nyumba ya kicheche. Lisemwalo lipo, mmoja akajibu. Hakuna aliyetukana, wala aliyetuuliza. Watu walipita tu mbele ya sinia la mama wakachukua kwenye sinia la pili. Sambusa zilirudi nyumbani zote, na mama alizibeba kwa mikono miwili, ametazama mbele.

Kesho yake baba alimrudisha Kashata Jordbro, kwa mtu mwingine wa kazini mwenye shamba mbali huko. Nililia mpaka nikatapika. Hakuwa na ugonjwa wowote! Baadaye muuguzi wa shule aliwaambia watoto wa jirani kwamba ngozi zao ni kavu kwa ajili ya baridi, wapakwe mafuta. Mmoja wao aliniambia mwenyewe. Mama yao alijua, akanyamaza.

Yaliyopita si ndwele, mama alisema. Kwangu mimi yalikuwa ndwele, na dawa nilijitafutia. Jirani nilimnyima shikamoo. Nilipomkuta ngazini, mbele ya mama, nilimtazama usoni nikasema, “Hej,” salamu ya Kiswidi unayompa hata dereva wa basi. Mama alinifinya mkono mpaka ukavimba. Jirani alishtuka, nikaona. Ile ilikuwa siku yangu tamu kuliko zote za majira yale.

Niliendelea hivyo miaka na miaka. Lakini kuna jambo sikulitazamia. Wanawe wenyewe wakaanza kumwambia hej. Kisha watoto wa ghorofa zote, kwa mama zao na kwa kila mtu. Hej yangu, niliyoinoa kama kisu, ikapotea kati ya hej zao, na sidhani kama aliendelea kuisikia.

Basi siku hiyo ya kufungasha, wakati beseni bado liko sakafuni, wazee watatu walikuja kumuaga mama, wakajipanga kwenye kochi. Wa mwisho ni jirani yule, amekonda, fimbo mkononi. Nikaona nafasi. Nikaanza upande wa pili, polepole, nikainama. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu.” Wa pili hivyohivyo. Alipoona zamu yake inafika, mkono wake ulikuwa umeshanyooka na mdomo umeshajiandaa kuitikia. Nikaushika.

“Hej,” nikasema.

Mkono ulirudi pajani. Safari hii alisikia, na wenzake walisikia, na mama mlangoni alifumba macho. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilifurahi kwa ajili ya sambusa zile na kwa ajili ya mgongo ule ulionyonyoka manyoya.

Halafu binti yangu, niliyekuja naye, akaja nyuma yangu, akapita kwenye kochi akipeana mikono. Hej, hej, hej. Wote watatu wakatabasamu, wakampapasa mashavu, jirani zaidi ya wote.

Katika jengo lile wamebaki watu wachache mno wanaojua uzito wa nilichomnyima, na mmoja wao ni yeye. Siku akiondoka, sitakuwa na mtu wa kumnyima.