Paa Lililoliwa na Ng'ombe

Harufu ya nyasi zilizokaukia palepale ziliposimama ndiyo harufu ya kwetu. Kiangazi kilipochacha, huko bondeni nje ya Bariadi, baba aliondoa matawi ya miiba mlangoni mwa ngitili, na ng'ombe wetu wakaingia kwa pupa. Ngitili ni malisho ambayo sisi Wasukuma huyafunga tangu mvua za kwanza. Hachungi mtu humo mpaka kwingine kote kumekwisha. Akiba haiozi, walisema wazee, na mimi akiba hiyo niliijua kwa pua. Humo mama alikata nyasi za kuezekea, nami nikaokota ukwaju hadi meno yakafa ganzi.

Kisha zikaja siku za soko huria. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ikagombewa na wanunuzi binafsi, malori yao yakitimua vumbi hadi milangoni. Wee, wanaume walipagawa! Baba naye akatangaza kwamba ngitili italimwa. "Baba Limi," mama akamwambia, akimwita kwa jina langu, "pamba haikamuliwi maziwa." Baba akacheka: "Subiri, utalala chini ya bati." Na kweli, baada ya mavuno tukalala chini ya bati. Sitasema uongo, nililipenda sana. Jiko tu ndilo lililobaki la nyasi.

Mwaka uliofuata mvua ikatunyima. Baba na kaka zangu wakaswaga ng'ombe kwenda mbali kutafuta malisho. Madoa, ng'ombe wa mama, ambaye maziwa yake yalitulea sote, akaachwa. Alikuwa na mimba na miguu haikumbeba tena. Asubuhi moja nikamkuta mama juu ya jiko, anang'oa paa. Nyasi zile za ngitili, nyeusi kwa moshi, alizikung'uta, akazinyunyizia maji ya chumvi, akamlisha Madoa kwa mkono. "Kula, mayu, kula," alimbembeleza, kana kwamba anamlisha mama yake mzazi. Nililia siku ile.

Baba alirudi na ng'ombe wachache kuliko aliokwenda nao. Akakuta jiko limebaki fito tupu, na Madoa amesimama, ndama ananyonya. Mama akamwamkia kwa heshima zote, kisha akainua macho kwenye bati la nyumba kubwa. "Hilo nilimwonjesha," akasema. "Alilikataa."  Mvua ziliponyesha baba alikata miiba, akalifunga bonde liwe ngitili tena.

Leo naishi Somanda, mjini Bariadi, mabati yanang'aa mtaa mzima, na maziwa nanunua ya pakiti. Mama hatunaye. Juzi mdogo wangu kanipigia simu kutoka nyumbani: pamba ina bei, dengu nazo, kwa nini bonde likae bure? Nilikasirika hadi nikasimama, ila nikajitahidi kuongea kwa upole.

"Jiko lako umeliezeka kwa kitu gani?"

"Kwa bati, dada."

"Basi safari hii hata paa la kumlisha ng'ombe hatuna."