Utapona, Mama

Nilijua Jumatatu asubuhi. Daktari alituita nje, mimi na mtoto wa kiume wa mgonjwa, akasema tumrudishe mama nyumbani kwa sababu hapakuwa na la kumfanyia tena. Wiki moja, labda pungufu. Yule kaka alitazama viatu vyake, kisha akanigeukia. "Dada, mama asiambiwe. Ukimwambia utamchuria." Nikaitikia. Kuitikia ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa masika, Ifakara. Kina mama wa jumuiya yetu ya kanisa walinichagua niwe nawatembelea wagonjwa majumbani: kuwaogesha, kuwageuza wasipate vidonda, kuwanywesha uji. Nadhani sifa yangu kubwa ilikuwa kwamba nina baiskeli. Mgonjwa huyu alikuwa mjane wa Kipogoro wa Viwanja Sitini, mkulima wa mpunga, mwenye maneno makali hata baada ya ugonjwa wa tumbo kummaliza nguvu. Watoto wake walikuwa wawili tu. Wa kiume ndiye huyo. Wa kike alikuwa Kidatu kwenye mashamba ya miwa, ameolewa na mkata miwa Mwislamu. Siku alipoondoka, mama yake alimwambia asikanyage tena mlango wake. Miaka mitatu ilikuwa imepita na hakukanyaga.

Kila siku, nikiwa namfuta mgongo, mama yule aliniuliza swali lile lile.

"Mwanangu, hivi nitapona?"

"Utapona, mama."

"Basi nikipona, nitakwenda Kidatu kumwona yule binti yangu."

Alikuwa anaahirisha, na mimi ndiye niliyekuwa nampa ruhusa ya kuahirisha. Kwa nini sikusema? Nilimwogopa kaka, niliwaogopa majirani wasije wakasema nimemtabiria kifo, na zaidi niliyaogopa macho yake. Kwa hiyo nikawa nahesabu uji. Jumanne, nusu bakuli. Jumatano, vijiko vitatu. Miguu ilianza kupoa kuanzia vidoleni, nami nikawa naishika kila baada ya muda mfupi, nikijidai naipaka mafuta. Mvua haikunyamaza. Mto Lumemo ulikuwa umefurika, na kila mtu alijua kwamba ikiendelea hivyo barabara ya Kidatu haitapitika. Nikirudi nyumbani nilikuwa nawagombeza wanangu kwa makosa ambayo hawakuyafanya.

Alhamisi mchana alikuja mtani wake. Wapogoro na Wangoni ni watani, na huyu alikuwa mama wa Kingoni aliyekuwa akiuza kambale sokoni. Hakubisha hodi. Tulimsikia tangu barabarani.

"We Mpogoro, bado upo tu? Mimi nimeacha samaki wangu wanaoza nije kula ubwabwa wa matanga, kumbe hata sufuria halijabandikwa!"

Kaka alisimama, mishipa ya shingo imemtoka, lakini angefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Mimi nilitamani nitoweke na bakuli langu. Mgonjwa akafumbua macho. Akacheka, kicheko kidogo kilichomuumiza mpaka akashika tumbo.

"Mroho mkubwa wewe. Kwa hiyo nakufa?"

"Unakufa, mtani wangu. Na ile kanga yako ya maua ni yangu, nilishaiweka akilini siku nyingi."

"Chukua. Lakini kabla hujala ubwabwa wangu, niitieni mwanangu. Mwambieni ule mlango nimeufungua mwenyewe."

Kisha akanitazama. Hakuniuliza tena lile swali lake, siku ile wala baadaye.

Ujumbe uliondoka jioni ile ile na dereva wa lori la mchele. Ijumaa nzima mama alisubiri. Kila gari lililonguruma alinituma nikachungulie, nami nikaenda, nikarudi, nikasema bado. Kulipokucha Jumamosi ulimi wake ukawa mzito. Hadi saa nne alikuwa hatoi neno linaloeleweka.

Binti alifika saa nane mchana, matope hadi magotini, mtoto mgongoni. Lori lilikwama njiani, akamalizia kwa miguu. Mama yake alimtambua. Alimshika kifundo cha mkono, midomo ikacheza, sauti haikutoka. Binti akainama kabisa. "Mama, unasema nini? Sema tena." Alirudia hivyo hadi jioni, na nilitamani nizibe masikio. Alfajiri ya Jumapili mama alikata roho.

Tukiwa tunamwosha, binti aliniuliza mama yake alitaka kumwambia nini. Nikamweleza la mlango.

"Alilisema lini?"

"Alhamisi."

"Na ninyi mlijua lini kwamba anaondoka?"

Nikasema maji yamepoa, ngoja nikalete mengine.

Tulizika Jumatatu. Kabla jeneza halijatoka, yule mtani alijitokeza katikati ya watu, amejifunga ile kanga ya maua, na kikapu changu cha vyombo vya uji begani. Sijui alikichukua saa ngapi. Akapiga magoti kando ya jeneza, akachota hewa kwa kijiko changu, akaipuliza ipoe. Kisha akaongea kwa sauti yangu hasa, ile laini niliyokuwa najivunia, ambayo majirani wote waliisikia dirishani.

"Kunywa uji, mama. Utapona, mama. Utapona."

Waombolezaji wakaangua kicheko. Nikacheka na mimi, maana mtani hakasirikiwi. Binti naye alicheka, kiganja mdomoni, mabega yakimtikisika. Halafu akaacha. Akapita katikati ya watu mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Lini, dada?"

"Jumatatu," nikamwambia. "Jumatatu iliyopita, asubuhi."