Mkunjo wa Nane na Siku Nne za Kunyamaza

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke ambaye wenzake humwita Mama Kurasa anabandua jalada la kitabu kipya cha uchumi. Anapitisha kisu chembamba mgongoni, anakata uzi, anatoa kurasa kumi na sita zisizotakiwa na kuingiza kumi na sita zilizokosekana. Hiki ni cha sitini na nne. Vimebaki tisini na sita.

Vyote aliviharibu yeye.

Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mkusanyaji katika kiwanda hiki cha uchapaji. Karatasi kubwa hukunjwa ikawa kurasa kumi na sita, nayo huitwa mkunjo. Marundo ya mikunjo hupangwa mezani kwa zamu, naye huzunguka akichukua mmoja mmoja mpaka kitabu kitimie. Siku njema hukusanya vitabu mia mbili.

Kitabu chenyewe kiliandikwa na mhadhiri kwa ajili ya wanafunzi na wasomaji wa kawaida, kwa Kiswahili ambacho hata mimi niliyekimbia hesabu nilikielewa. Kina mikunjo ishirini. Rundo la nane lilipoisha, Mama Kurasa alikwenda stoo kuchukua jingine, akarudi na la saba.

"Namba iko chini ya ukurasa, ndogo kama chawa," anasema. "Nilikuwa siioni. Mwaka mzima nilikuwa siioni, nakisia tu kwa mkono."

Mbona hakusema? Anacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mwenzetu aliyesema haoni vizuri alipewa ufagio." Miwani ingemgharimu mshahara wa siku tisa. Akajikaza kisabuni.

Vitabu vikafika chuoni. Wanafunzi walisoma sura ya bei kupanda, wakafungua ukurasa, bei zikapanda upya. Sura ya mishahara haikuwemo kabisa. Kiwandani watu walicheka hadi machozi. "Hicho kitabu hakijakosewa," alisema mpiga chapa mmoja. "Kimeandika maisha yetu."

Mama Kurasa alicheka nao. Hilo nalo linamuuma mpaka leo.

Maana kuna mtu aliyelipia kicheko hicho. Mkaguzi wa vitabu ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyemtafutia kazi hii. Kila mkunjo una alama nyeusi mgongoni, na kitabu kikikamilika alama hizo hupanda kama ngazi. Kidato kimoja kikikosekana, mkaguzi hukiona mara moja. Lakini wifi alikuwa hakagui vitabu vya Mama Kurasa. Kwa kumwamini, alikuwa akivipitisha tu kwenda kushonwa.

Msimamizi alipouliza makosa ni ya nani, wifi alisema, "Mimi sikukagua." Hakutaja meza ya mtu. Akasimamishwa kazi wiki mbili bila malipo.

"Nilikuwa nimesimama pale pale," anasema Mama Kurasa, macho yake yakiwa kwenye gundi. "Mdomo ukawa mzito. Nilijiambia nitasema mchana. Mchana nikasema kesho."

Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya tano alikwenda kwa msimamizi kabla hajavua hata mtandio. Wifi akaitwa arudi. Yeye akatakiwa kurekebisha vitabu vyote mia na sitini bila malipo, akakubali kabla hawajamaliza kumsomea adhabu.

Nilimfuata wifi kwenye meza yake, hatua chache tu kutoka pale. Sasa anakagua kila kitabu cha Mama Kurasa, kimoja kimoja, kama cha mgeni. Aliniambia niulize ya kazi, ya nyumbani nimwachie. Kisha akayasema mwenyewe.

"Kukosea anakosea kila mtu, hata mimi sikukagua. Kilichonichoma ni zile siku nne. Kila jioni alikuwa anakuja kwangu, anakaa, anakunywa chai yangu, ananiambia, 'Pole, wifi.'"

Nilirudi na maneno hayo kwa Mama Kurasa. Labda sikupaswa. Alikiweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu.

"Ni kweli," alisema. "Na chai nikaongezewa sukari. Naona haya, ndugu mwandishi, mpaka kula kunanishinda."

Miwani ataipima mwisho wa mwezi, msimamizi amekubali kumpa ruhusa. Mama Kurasa amemwomba mhadhiri radhi kwa barua. Amemwomba msimamizi radhi mbele ya kiwanda kizima. Wifi bado hajamwomba.

Namuuliza anangoja nini, na mtu mwenyewe yuko pale.

"Hapa mashine zinanguruma, itabidi nipige kelele. Maneno haya si ya kupigia kelele." Anavuta kitabu kingine. Jumapili atakwenda kwa wifi. Mumewe amejitolea kumsindikiza akamsemee kwa dada yake, naye amemkatalia.

"Akiwepo kaka yake, atanisamehe kwa kumstahi kaka yake," anasema. "Nataka awe na nafasi ya kukataa."