Baisikeli Aliyoisukuma Baba Mdogo

Harufu ya mafuta ya cherehani ikinipata popote, hasira yangu ya utotoni huamka. Msinicheke. Kwetu Koboko, miaka ile ya sabini, mafuta hayo yalikuwa ya mnyororo wa baisikeli ya baba, nyeusi, yenye karia pana ya kubebea magunia. Baba ndiye aliyenifundisha kuiendesha, nikipitisha mguu chini ya paipu kwa kuwa sikufikia kiti.

Baba alipofariki, kabla hata ya kuanua matanga, mdogo wake, baba mdogo Juma, akaja kuichukua. Mali ya ndugu yake ni yake, alisema, na wazee wakaitikia. Mama alikuwa akiisukuma hadi Oraba, mpakani, kuleta chumvi na sabuni za kuuza. Sasa akabeba mzigo kichwani, kwenda na kurudi, hadi nyayo zikapasuka. Nilimchukia baba mdogo kuliko nilivyomwogopa shetani.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hata hakuipanda. Kila jioni aliisukuma mjini, kanzu safi, akiipangusa vumbi kwa leso. Eti anaitunza!

Ikafika Idd. Desturi ya wanaume wa mtaa wetu ilikuwa kutoka uwanja wa sala kwa msafara wa baisikeli zilizopambwa karatasi za rangi. Mama akaomba, kwa adabu zote, aipambe ile ya marehemu mumewe. Ilipoletwa nyumbani, nikatafuta mwiba mrefu nitoboe gurudumu. Mama akanidaka mkono.

“Wacha hiyo mwiba. Leta pampu, jaza upepo mpaka iko ngumu.”

Nilijaza huku nikilia kwa hasira, nikiona mama yangu hana uchungu.

Baada ya sala, mama akasimama mbele ya ukoo mzima.

“Shemeji, leo wewe nakwenda mbele. Ndugu yako alikuwa naongoza kila Idd.”

Wanaume wakampisha. Baba mdogo akatazama kushoto, akatazama kulia, akapanda. Akayumba hatua chache, kisha akatumbukia mtaroni, kanzu ikamfunika kichwa. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilicheka mpaka tumbo likauma, na mpaka leo sijuti.

“Hii baskeli iko na shetani!” alifoka. “Toa hapa! Peleka kwako!”

“Pole, shemeji,” mama akasema, akaiinua.

Nilipokua ndipo nilipoelewa. Pancha ingempa udhuru, na watu wangemhurumia. Mama alijua tangu zamani kuwa shemeji yake hajui kuendesha, maana marehemu ndiye aliyekuwa akimbeba kwenye karia kila waendako.

Tangu hapo, kila Idd mama alimpelekea baba mdogo sahani ya wali na nyama. Majirani walimsifu kwa moyo wake wa kusamehe, nami kwa miaka mingi nikaamini hivyo hivyo. Lakini aliyetumwa kupeleka chakula nilikuwa mimi, juu ya baisikeli ile, na agizo halikubadilika:

“Kwenda mpaka mlangoni. Usishuke mpaka yeye mwenyewe natoka.”