Mgongo wa Bati

Nzuki, fundi wa bati wa mtaa wa Laini Saba, alitengeneza masanduku ya shule, karai na majiko. Mwaka 2007 alitengeneza pia mlima. Hakuna aliyemwagizia.

Juu ya mlima wenyewe, kaskazini, kando ya jangwa la Chalbi, kaka yake Kavoi, mpagazi wa wapima ardhi, alizikwa chini ya rundo la mawe mwaka 1989. Mama yao Nthenya, kule Kitui, alitaka konzi ya udongo wa kaburi hilo kabla naye hajapata la kwake. Njia haikuwepo. Kulikuwa na mgongo mkali wa mawe ambao hata mbuzi waliukataa, na mtu mmoja tu aliyejua pa kukanyaga: Khamala, aliyebeba mizigo pamoja na Kavoi, sasa mlinzi wa usiku mwenye makao Kawangware 46.

Khamala hakujua kuchora. Hata kukumbuka hakuweza, mpaka awe na mzigo. Basi kila Jumapili alijifunga mgongoni mtungi wa maji wa lita ishirini, akafumba macho, akatembea papo hapo ndani ya kibanda cha Nzuki.

"Hapa unapinda kushoto. Goti linalia. Kulia ni shimo, usiangalie."

Nzuki aligonga shimo hilo kwenye bati.

"Wazee, mnaomba mvua ama?" jirani alichungulia.

"Tunapanda mlima," alijibu Khamala, macho bado yamefumbwa. "Wewe ngoja kupandishiwa kodi."

Mgongo ulikuwa na mabega matatu. Khamala alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kila bega lilimla Jumapili tatu. Kufikia Krismasi mawili yalikuwa yamekwisha. Safari ilipangwa Februari: lita kumi za maji kila mtu, nusu zifichwe bega la kwanza kwa ajili ya kurudi.

Tarehe thelathini Desemba, nchi nzima ikisubiri matokeo ya kura, Khamala alipiga simu.

"Nzuki, huku kumechafuka. Tungoje kidogo."

"Ndugu yangu, imebaki bega moja tu. Si utembee?"

"Haya. Jaza mtungi."

Alitembea. Risasi ilimpata njiani. Ilikotoka, kila mtu ana jibu lake na hakuna mwenye shaka. Mtungi ulikaa umejaa siku tisa. Siku ya kumi Nzuki, mtu wa Kitui, kusikomwagwa maji ovyo, aliyamwaga.

Kibanda kiliporwa. Bati moja liliachwa, lile la mlima, kwa kuwa lilikuwa limekunjamana.

Aprili, mvua ilipoanza, Jentrix, mjane wa Khamala, alikuja.

"Shemeji, nyumba inavuja kwa kitanda. Uko na kipande ya mabati?"

Nzuki alimwonyesha alilo nalo. Jentrix alipitisha mkono juu ya vilima.

"Hii imeharibika." Mkono ulifika mwisho, palipo laini. "Lakini hapa iko sawa. Hapa ilikuwa ya nini?"

"Hapo hatukuwa tumefika."

Jentrix hakuuondoa mkono. "Aliniambia anakuja kwako kumalizia."

Nzuki alichukua mkasi. Alikata palipo sawa, akakibeba kipande hadi Kawangware, akakipigilia juu ya kitanda, upande aliokuwa akilala Khamala.

Kesho yake Nthenya alipiga simu kuuliza safari ni lini.

"Mvua imeharibu njia, mama."

Mama, aliyezeeka katika ukame na kujua jangwa ni nini, alisema sawa, mwanangu. Hakuuliza njia ipi.